Nyimbo za Noeli ndo shule yangu ya kuimprovaizi

Novemba ikianza tu mi nakaa kwenye kinanda na nyimbo za Noeli, na sio kwa ajili ya kwaya peke yake, ni kwamba kwa kujifunza kupiga nje ya kitabu sijaona nyimbo zinazozidi hizi. Kila mtu anazijua, kwa hiyo ukiruka noti mbili tatu msikilizaji anazijazia mwenyewe kichwani na wimbo haupotei. Fanya hivyo na wimbo uliotungwa jana uone, hakuna atakayejua uko wapi.

Chukua Usiku Mtakatifu. Kwenye ufunguo wa C unaweza kuupiga wote kwa kodi tatu tu (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), C, F na G7, na usiuonee huruma kwa hilo, maana mkesha wa Noeli 1818 pale Oberndorf, Austria, Joseph Mohr na Franz Gruber waliuimba kwa mara ya kwanza na gitaa tu. Sasa ule mwanzo, so la so mi, mkono wa kulia uache kama ulivyo ila kushoto badala ya kodi ya C weka A maina (A minor). Aisee! Noti ni zilezile lakini ghafla wimbo una huzuni fulani hivi, kama mtu anayekumbuka nyumbani. Alafu pale unapotaka kuingia F, pitia C7 kwanza, au F yenyewe ibadilishe uweke D maina, melodi inaanza na la pale kwa hiyo inakaa vizuri kabisa. Mi hapo naweza kuzunguka jioni nzima na sichoki.

Kitu ambacho nakisisitiza sana kwa wanaoanza ni mapigo. Ule wimbo wa Noeli ambao Lowell Mason aliutoa Marekani karne ya 19, Joy to the World, mstari wa kwanza ni skeli tu, yaani ngazi ya noti, inashuka, do ti la so fa mi re do, basi. Ukizipiga noti zote sawasawa watu wanasikia mtu anafanya mazoezi ya vidole, ukirudisha mapigo yake wanaanza kuimba. Kwa hiyo ukibuni, noti badilisha unavyotaka, kodi badilisha, ila mapigo ya melodi yashike hata kwa mbali, ndo yanayowaambia watu huu ni wimbo gani.

Ila kuna mahali pa kufanyia haya. Waumini wakiwa wanaimba tuliza mikono, wape wimbo wanaoujua. Bach mwenyewe, yule mtunzi mkubwa aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa, 1706 kule Arnstadt, Ujerumani, wakubwa wa kanisa walimwita wakamlalamikia kwamba anaweka mambo ya ajabu kwenye nyimbo mpaka waumini wanachanganyikiwa, na mi kwa hilo nipo upande wa waumini. Uhuru wako upo kwenye utangulizi, katikati ya beti, na wakati wa sadaka, hapo piga mpaka roho yako iridhike.

Mwaka huu nataka ubeti wa mwisho tupande kutoka ufunguo wa C kwenda D. Nashika A7 kwa kipimo kizima, do kali (C#) inasikika juu kabisa ili soprano waikamate, na wakishaikamata wao, teno na besi wanafuata wenyewe.