Gauni la Viraka Vitatu

Siku mbili kabla ya mahafali yangu katika Chuo Kikuu cha Maseno, mwaka wa 2011, stima ilipotea mtaani kwetu Kisumu, na mama akaamua kumalizia kulipiga gauni langu kwa pasi ya makaa. Pasi hiyo alikuwa nayo tangu kabla sijazaliwa, katika kibanda chake cha cherehani karibu na soko la Kibuye, na sikumbuki hata siku moja ilipounguza nguo ya mteja. Usiku huo kifuniko chake hakikushika vizuri. Kaa dogo liliponyoka, na kabla mama hajalipangusa lilikuwa limekwisha kutoboa kitambaa juu kidogo ya goti la kushoto, tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi moja, lenye ukingo wa kahawia.

Nilimfokea. Gauni lilikuwa la rangi ya maziwa, na mama alikuwa amelinunua jora lake kwa fedha alizoweka akiba tangu Januari, msimu wa kushona sare za shule. Mimi nilikuwa mtu wa kwanza nyumbani kwetu kupata digrii, na kwa wiki kadhaa nilikuwa nimejiona akilini nikitembea na gauni hilo, safi kabisa, bila mkunjo wala doa. Mama hakunijibu neno. Aliyamwaga makaa nje, akayazima kwa maji, akalikunja gauni kwa utaratibu uleule anaokunjia nguo za wateja.

Asubuhi alinituma Ahero kwa mama mdogo, ambaye alikuwa ameshonewa blauzi kutoka jora lilelile na kuchukua mabaki yake. Dukani jora lilikuwa limekwisha. Nilipanda matatu nikiwa bado nimenuna. Mama mdogo alinipokea kwa chai, akaenda chumbani, akarudi na kopo la bati lililokaa miezi mingi dirishani, na alipolifunua tuliona kwamba vile vitambaa vilikuwa vimepigwa na jua hadi vikageuka manjano hafifu. Havikulingana tena na gauni. Nilitaka kuviacha, lakini alivifunga kwenye karatasi na kunitia mkononi.

“Mpelekee dada yangu,” alisema. “Atajua la kufanya.”

Matatu ya kurudi ilikawia kujaa, kisha ikasimama tena nje kidogo ya mji kungoja abiria, nami nilikuwa upande wa dirisha. Kutoka pale yalionekana mashamba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji ulioanza mwaka wa 1969, yakitandaa juu ya uwanda wa Kano. Nilikuwa nimeyapita mara nyingi mno kiasi cha kutoyaona. Siku ile niliyatazama: vipande virefu na vifupi, vimetenganishwa na matuta membamba ya udongo, kimoja kimejaa maji na kung’aa, cha pili kijani cha miche, cha tatu kimevunwa kikabaki na mashina makavu, na yangeyange wakitembea humo bila haraka. Hapakuwa na vipande viwili vilivyofanana. Ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mhadhiri wetu alilitaja kwa dakika chache tu, kipindi kikikaribia kwisha, katika somo la dini za ulimwengu.

Nilikuwa nimelisoma somo hilo kwa ajili ya mtihani. Niliweza kuzitaja Kweli Nne Tukufu alizozifundisha Siddhartha Gautama, yule Buddha, mwanzilishi wa dini ya Kibuddha, katika hotuba yake ya kwanza karibu na mji wa Varanasi. Nilijua kwamba dukkha, yaani mateso, si maumivu makubwa pekee, bali ni pamoja na kukutana na usichokipenda na kukosa unachokitamani. Na nilijua kwamba chanzo chake huitwa tanha, neno ambalo maana yake ya asili ni kiu. Haya yote niliyaandika kwenye karatasi ya mtihani nikapata alama nzuri. Lile ambalo halikutahiniwa lilihusu nguo. Inasimuliwa katika maandiko ya kanuni za watawa kwamba Buddha, akisafiri katika nchi ya Magadha kule India, aliyaona mashamba ya mpunga yaliyogawanywa kwa matuta, akamwuliza Ananda, ndugu yake na msaidizi wake, kama angeweza kuwashonea watawa mavazi ya namna hiyo. Ananda alishona, mishono ikawa ndiyo matuta. Tangu hapo vazi la mtawa hutengenezwa kwa vipande vilivyokatwa na kuunganishwa, hata kama mfadhili ameleta kitambaa kizima na kipya, kwa sababu kitambaa kilichopitiwa na kisu hakitamaniwi na mtu. Tena vazi jipya halivaliwi mpaka limetiwa alama ya kulichafua, nukta ya buluu, ya tope au ya weusi. Mtawa hangoji doa limfikie. Huanza nalo.

Nilikaa na wazo hilo hadi matatu ikaondoka. Darasani nilikuwa nimefundishwa pia anicca, yaani kutodumu kwa vitu vyote, na kila nilipolisikia neno hilo niliwaza uzee na makaburi. Halikupata kunijia kwamba linahusu pia pasi, makaa na kitambaa kilichosahauliwa dirishani. Niliona wazi kwamba kama tundu lile lisingetokea, ningeipitisha siku nzima ya Ijumaa nikililinda gauni: nisikae hapa, nisimkumbatie yule, nisile kitu chenye mchuzi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kiu yangu, na nilikuwa nimempigia mama kelele kwa ajili yake. Mimi ni Mkristo, na sikutoka mle garini nikiwa kitu kingine. Lakini furaha iliyonijia ilikuwa ya kweli, kama ya mtu aliyetua ndoo kichwani baada ya kupanda mlima, na ilidumu njia nzima hadi Kibuye.

Jioni nilimwomba mama msamaha, kisha nikamsimulia habari za Ananda huku akivigeuzageuza vile vitambaa vya manjano mbele ya taa. Alisikiliza kwa makini ambayo huwa nayo fundi anaposikia habari za fundi mwingine.

“Na walishona wenyewe?” aliuliza.

“Wenyewe, mama. Kwa sindano.”

Alitikisa kichwa kwa kuridhika, akachukua mkasi, akalikata gauni mahali pawili pazima, karibu na pindo na ubavuni. Nilishika pumzi. Mezani palikuwa tayari na viraka vitatu vya manjano, navyo alikuwa amevikata kabla sijaanza hadithi yangu. Hakuwa amehitaji kuambiwa na mtu wa Magadha.

“Kiraka kimoja kinasema hapa paliungua,” alisema, akitia uzi kwenye sindano. “Vitatu vinasema fundi alitaka hivi.”

Hakukificha kile cha gotini. Ukikikaribia sana uliweza kuona chini yake ukingo wa kahawia, ambao alikataa kuukata wote kwa sababu, kwa maneno yake, kitambaa kilichobaki kilikuwa bado na nguvu.

Ijumaa jua lilikuwa kali Maseno. Sherehe ilipokwisha nililivua joho, na tukakaa kwenye nyasi chini ya mti, ndugu wote waliokuja kutoka Kisumu na Ahero, tukila wali na kuku. Mtoto wa mama mdogo, aliyekuwa na miaka minne, alikuja mbio na chupa ya soda ya rangi ya machungwa, akajikwaa kwenye mguu wangu, na soda ikanimwagikia mapajani hadi ikakigusa kiraka cha goti la kushoto. Wote walinyamaza. Mama aliacha kutafuna, akanitazama. Mtoto naye alikuwa amesimama na chupa tupu, midomo ikimtetemeka, tayari kulia. Nilimwita, nikamsogezea paja la kulia, ambalo lilikuwa bado kavu, akapanda akakaa.