Kura za Barabara ya 13

Mama mmoja wa Makorora, hapa Tanga, aliingia chumbani kwangu asubuhi akiwa na kadi mbili, akazitandaza mezani moja baada ya nyingine.

"Nesi, mwanangu ana magonjwa mangapi?"

Kadi ya kwanza iliandikwa "siko seli", yaani sickle cell ya Kiingereza. Ya pili, "selimundu". Mtoto ni mmoja na ugonjwa ni mmoja, lakini baba yake alikuwa ameshaambiwa ni mawili, na ukoo mzima umeshakaa kikao. Mwandiko wa kadi ya kwanza ulikuwa wangu.

Hicho ndicho kilichotupeleka Ngamiani, Jumapili moja ya mwaka 2008, kwenye baraza ya nyumba ya Barabara ya 13. Tulikuwa watu kumi na tisa: wazazi wa watoto wenye ugonjwa huo, manesi wawili, fundi wa maabara, mwalimu mstaafu wa baiolojia, na bibi mmoja wa Tongoni aliyemsindikiza mjukuu wake na ambaye hakuna aliyemwalika. Kahawa ilikuwepo, kashata ziliisha mapema.

Jina la ugonjwa halikutuchukua hata robo saa. "Selimundu" ikapita, kwa sababu mundu kila aliyevuna mpunga anaujua, na chembe ya damu ya mgonjwa hujikunja kama mundu kweli. Bibi alikubali kwa kichwa tu.

Kilichotuwasha ni "kinasaba", jina la kile kinachobeba urithi kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto.

Mama mmoja alisimama, sauti ikimtetemeka. Mama mkwe wake alisikia kliniki wakisema mtoto ana tatizo la vinasaba. Sikio la mzee likashika nasaba. Akarudi nyumbani akitangaza kwamba nasaba ya mwanawe ni safi tangu mababu wa Tongoni, basi uchafu umeletwa na mke. Tulimweleza yule mama, na sasa tukawaeleza wote, kwamba haiwezekani mtoto awe na selimundu kamili ya upande mmoja tu: lazima baba ampe nusu na mama ampe nusu. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani kila mmoja ana nusu hiyo moja tu bila kuugua, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, mbili kati ya nne za kupata mbebaji kama wao, na moja ya kupata mtoto asiye na chochote. Ila neno lilikuwa limeshatangulia maelezo, na neno lina mbio.

Fundi wa maabara akataka tuseme "jeni", basi, neno fupi lisilo na ukoo wa mtu ndani yake. Mzee mmoja akapinga: jeni ni Kizungu kilichovalishwa kanzu. Kelele zikapanda.

Mwalimu ndiye aliyetutuliza, kwa kisa. Alisema hata wataalamu wakubwa walipitia haya haya. Mpaka mwaka 1956, Tjio na Levan walipohesabu kule Lund, Sweden, vitabu vilisema binadamu ana kromosomu 48, zile nyuzi ndani ya chembe zinazobeba vinasaba. Kumbe ni 46. Baada ya hapo kila maabara ikawa inaziita inavyotaka, hadi walipokutana Denver mwaka 1960 wakazipa namba kwa ukubwa, kuanzia 1 hadi 22, zile za jinsia zikabaki na herufi zao.

"Kama barabara zetu," akasema mtu nyuma. Watu wakacheka, na mwalimu akachangamka. Ndiyo, alisema, namba haina mjomba wala shangazi. Nani atadai nasaba yake imetukanwa kwa kuitwa ya 11? Na hiyo ya 11 ndiyo yenye kasoro yetu, kwenye mkono wake mfupi.

"Na wakikosea namba?" aliuliza fundi.

"Walikosea. Ya 21 ni ndogo kuliko ya 22. Lakini dunia ilikuwa imeshaandika kwamba ya 21 ndiyo inayozidi kwa watoto wenye hali ya Down. Wakaiacha."

Kisha akafika kwenye jambo lake. Mwaka 1976, kwenye kongamano la jenetiki lililofanyika Mexico City, walichagua kwa kura kamati ya kudumu ya majina ya kromosomu, yenye watu wa sehemu mbalimbali za dunia. Kamati ikakutana Stockholm mwaka uliofuata, na mwaka 1978 kikatoka kitabu kimoja cha kanuni. "Kwa hiyo nasi tupige kura," akasema, na nadhani alikuwa ameshajipa uenyekiti.

Tulichana daftari la mtoto, kura zikaingia kwenye kikapu cha ukili. Nafasi tatu. Nilijiona nimeshapita, nilikuwa nesi na nilikuwa mwanzilishi. Fundi akazisoma: bibi wa Tongoni saba, mwalimu tano, fundi mwenyewe nne, mimi tatu. Moja ya hizo tatu niliipiga mwenyewe.

Kamati ilikaa palepale chini ya mwembe wa jirani. Mwalimu alitetea kinasaba, fundi akatetea jeni. Bibi aliwasikiliza mpaka kahawa ikapoa.

"Nyie wanangu mnagombania jina la kitu ambacho mama hakioni. Mwandikieni anachokielewa. *Mtoto amechukua nusu kwa baba, nusu kwa mama.* Mkwe gani atabishana na hiyo?"

Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi tulizoanza kuzibandika nyuma ya kadi: selimundu juu, sentensi ya bibi chini, bila kinasaba wala jeni. Yule mama wa Makorora alikuja wiki ya tatu, na safari hii mumewe alikuwa nyuma yake, ameshika kofia mkononi, anaulizia kipimo chake yeye.

Nilichukua kadi ya mtoto nimwandikie tarehe ya kurudi. Kalamu ikaandika "siko" kabla sijaikamata. Nikapiga mstari, nikaanza upya.