Mvua Ilianza na Gitaa

Jana stima ilipotea saa mbili usiku. Simu ilikuwa imebaki na chaji kidogo, nikaamua iishie kwenye wimbo mmoja tu, Kothbiro wa Ayub Ogada, mwanamuziki wa Kenya. Mawingu yalikuwa yameshuka tangu alasiri, labda ndiyo yaliyonikumbusha. Kothbiro ni Kidholuo, maana yake mvua inakuja. Mwimbaji anamwambia Auma kwamba mvua hiyo yaja, ng'ombe warudishwe nyumbani. Basi, ni hayo tu. Sijawahi kuusikiliza nikahisi umepungukiwa na neno.

Kwa miaka mingi niliamini ni wimbo wa kale. Kichwani mwangu kulikuwa na bibi mmoja kando ya ziwa, aliyeutunga akichunga mifugo enzi hizo, kisha Ogada akaja kuuokota na nyatiti yake, ile ala ya nyaya ya Wajaluo. Siku moja nikamweleza shemeji yangu, Mjaluo wa Siaya, nikijiona najua mambo ya kwao. Akaniacha nimalize.

"Shemeji," akasema, "huo wimbo ni wa rika langu. Na ulianza na gitaa."

Nikambishia! Mimi, nisiyejua hata kusalimia vizuri kwa Kidholuo, nikambishia mwenye lugha yake. Nilipokwenda kutafuta nikakuta shemeji amesema kweli. Kothbiro ulirekodiwa mwaka 1976 na Black Savage, kundi la vijana wa Nairobi waliokuwa wakipiga roki, nyingi kwa Kiingereza. Mtunzi wake ni James Mbarack Achieng'. Ogada alipitia kundi hilo, ndipo wimbo ulipoingia mkononi mwake. Kwa hiyo yule bibi wangu wa kando ya ziwa hakuwahi kuwapo. Magitaa ndiyo yaliyotangulia, nyatiti ikafuata miaka mingi baadaye, na ule ukale niliokuwa nauabudu ni kazi ya mikono ya msanii mmoja aliyejua anachofanya.

Tangu hapo namsikiliza Ogada kwa sikio jingine.

Wakati huo hakuitwa Ayub. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akajulikana kama Job Seda. Aliyesoma Biblia ya Kiswahili atatabasamu hapa, kwa sababu kile ambacho Waingereza hukiita kitabu cha Job, sisi twakiita cha Ayubu. Alijitafsiri tu. Na naona hata muziki wake alikuwa ameanza kuutafsiri mapema: wazazi wake walikuwa waimbaji, na akiwa mdogo aliishi nao Marekani, ambako waliimba nyimbo za Kijaluo mbele ya wageni. Mtoto aliyekua akiona nyimbo za kwao zikielezwa kwa watu wasiozielewa, sishangai alivyokuwa baadaye.

Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa walioanzisha African Heritage Band, bendi iliyotokana na ile nyumba ya sanaa ya Joseph Murumbi na Alan Donovan pale Nairobi. Ala za jadi na ala za kisasa kwenye jukwaa moja. Akaigiza kidogo pia, yumo ndani ya filamu ya Out of Africa ya 1985. Mwaka uliofuata akachukua nyatiti yake akaenda Uingereza.

Hapo ndipo fikra zangu hukwama. Akawa anapiga katika stesheni za treni za chini ya ardhi, London, kutafuta riziki.

Ngoja niseme kwa nini jambo hilo hunisumbua. Nyatiti ina nyaya nane, na mpigaji hukaa chini, kwenye kigoda. Shemeji anayo moja ukutani, ya marehemu mjomba wake. Siku ile ya ubishi aliishusha, akafuta vumbi kwenye ngozi kwa mkono wa shati, akanivisha pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu. Ilikuwa na kutu, na baridi. "Gonga hapo," akanionyesha ukingo wa mbao. Nikagonga, ikalia kama mtu anayebisha hodi akiwa na haraka. Mpigaji halisi hugonga hivyo bila kupoteza mapigo, vidole vyake viko kwenye nyaya, kengele zinalia mguuni, na huku anaimba. Mtu mmoja, bendi nzima.

Na huko matangani, alinieleza, anayetaka kujisifu au kumsifu rafiki hutoa pesa, muziki unakatizwa, anasema yake, kisha unaendelea. Wanaita pakruok. Yaani unalipa ili muziki usimame na wewe usikike. Sasa niambie: umetoka kwenye desturi kama hiyo, halafu unakaa kwenye korido ya stesheni, watu wanapita mbio, sarafu inaanguka na aliyeitupa hata hajapunguza mwendo. Hakuna anayetaka muziki usimame. Hakuna hata anayesimama yeye mwenyewe. Huenda ndiko alikojifunza kuimba kwa ile sauti ya chini, ya karibu, kama anayemsemesha mtu mmoja tu. Ni dhana yangu, usiniulize ushahidi.

Korido ile ilimfikisha mbali. Mwaka 1988 alikuwa jukwaani WOMAD, tamasha la muziki ambalo mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel ni mmoja wa waanzilishi wake. Mwaka 1993 kampuni ya Gabriel, Real World, ikatoa albamu yake, En Mana Kuoyo, yaani ni mchanga tu. Kothbiro umo. Akazunguka na Gabriel kwenye ziara pia. Mwaka 2005 wimbo ukaingia kwenye filamu ya The Constant Gardener, na nadhani wengi wetu tuliujulia huko, tukarudi nyumbani tukisema, kumbe tunaye mtu kama huyu.

Kisha 2018, Kanye West, rapa wa Marekani. Katika wimbo wake Yikes amekata kipande cha Kothbiro, na cha kufurahisha ni kwamba hakuchukua kile cha nyatiti. Alichukua rekodi ya Black Savage, ya 1976. Majina ya Achieng' na Ogada yote yamo kwenye orodha ya watunzi. Niliposoma hivyo nilimpigia shemeji simu kumwomba radhi rasmi, akanicheka mara ya pili.

Ila kuna jambo moja hatujakubaliana. Yeye anasema Ogada hakuwa jathum, yaani mpiga nyatiti, kamili. Jathum huimba kwa kifua, akapasua usiku mpaka kijiji cha pili wasikie. Huyu ananong'ona. "Ng'ombe gani atakayerudi akiitwa hivyo?" Nilicheka mpaka machozi, lakini bado nabisha. Ogada hakuwa anapigia matanga ya Siaya. Alichukua wimbo wa roki wa rafiki yake, akauvua umeme, akauvika nyatiti, mpaka watu kama mimi tukaapa ni wa mababu. Afanyaye hivyo anaijua ala, hata kama hapigi kelele.

Gitaa halikumwacha pia. Mwaka 2015, akiwa amesharudi Kenya, ikatoka Kodhi, kazi yake na Mwingereza mpiga gitaa Trevor Warren. Kodhi ni mbegu. Alifariki Februari 2019, Nyahera, nje kidogo ya Kisumu.

Simu ilizima kabla ya wimbo kwisha. Stima ikarudi saa tano, na mvua haikunyesha. Nguo nilizoanua mbio mbio zimelala kitandani upande wa pili, bado mbichi.