Tulikwenda kunywa maji

Jumapili tulivuka hadi kisiwa cha Saanane na mwanangu Kija. Swala hakuwajali kabisa. Aliyemteka ni pimbi, kajianika juu ya jiwe.

"Baba, mbona hana mkia?"

Hilo sikuwa na jibu, nikampa lingine: kwamba huyu, na udogo wake wote, ni ndugu wa tembo, tazama meno yake mawili ya juu yalivyochomoza. Akacheka, hakuamini. Mimi nilishahama kisiwani, niko Magu.

1996, mwaka meli ya MV Bukoba ilipozama. Mtaani kwetu misiba ilifuatana, shule zilipofungwa mwezi wa sita mama akatupakia basi kwenda kwa guku, babu yetu. Guku alikuwa na ngitili, malisho ya akiba. Mvua zikianza inafungwa, majani yanaachwa yakue, yaje yaokoe ng'ombe kiangazi kikikaza. Kuingiza mifugo kabla ya muda, kukata mti, kuwinda: marufuku, na mkaidi anaitwa dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, kutozwa faini. Guku ndiye aliyeng'ang'ania jirani yake alipe mbuzi, kisa ndama wawili tu waliopenya.

Asubuhi ile alinichukua tukaikague. Kinjia chembamba, majani yananifika kifuani, kaptula imelowa umande, mpaka kwenye majabali yaliyoegemeana. Chini yake kuna chemchemi. Guku akainama kunywa. Manati ilikuwa kiunoni, ndani ya shati.

Pimbi alikuwa juu yetu, hatua kumi hivi. Nikavuta mpira. Sikutegemea kupata, hata tetere nilikuwa nawakosa kila siku. Ukasikika mlio mdogo, kama embe bichi likianguka mchangani. Akaanza kuserereka jabalini, polepole, miguu ikitafuta pa kushika, akatumbukia majini karibu kabisa na mkono wa guku. Maji yakatibuka. Akajivuta hadi ukingoni, mguu mmoja wa nyuma unaburuzika, akaingia kwenye ufa. Mle ndani akaanza kulia. Guku bado ameinama, maji yanamdondoka kidevuni, ananitazama.

Hakunipiga. Alinyoosha mkono, nikampa manati, akaitia mfukoni mwa koti.

Njiani tukakutana na nani? Yule yule jirani wa mbuzi.

"Mwangaluka, mzee. Huko ngitili kwema?"

"Kwema tu," guku akasema. "Tulikwenda kunywa maji."

Halikuzungumzwa tena. Alipofariki, koti lile lilimwangukia baba mdogo. Nilipekua mifuko kabla hajalichukua, sikukuta kitu. Mpaka leo sijui siku ile alikuwa ananificha mimi au anajificha yeye. Na yule jirani, mbuzi wake hakurudishiwa.

Kwenye boti ya kurudi Kija alikuwa bado na pimbi wake.

"Wewe ulishawahi kumshika?"

Kumshika? Nikamwambia hapana.