Honda ya baba: asubuhi inawaka, ikipata joto inakufa

Asubuhi kiki ya pili tu imewaka, inaunguruma vizuri, unazunguka nayo mtaa mzima unafurahi, ikifika dakika ya kumi hivi inaanza kukosa kosa halafu kimya. Piga kiki mpaka jasho likutoke, haiwaki. Iache nusu saa ipoe, inawaka tena kama hakuna kilichotokea. Nimehangaika na hiki kitu karibu miezi miwili kwenye Honda C70 ya marehemu baba na sasa nimekipata, kwa hiyo naandika yote maana najua wako wenye hizi pikipiki zimelala stoo baada ya kuambiwa hazifai tena.

Baba alikuwa bwana shamba hapa Tanga, na hii Honda ndo ilikuwa miguu yake. Injini ndogo ya cc 72, umeme volti 6, ni ukoo ule ule wa Super Cub ambayo Honda walianza kuitoa 1958. Imekaa stoo miaka 11. Nikaivua yote, nikapiga rangi fremu, nikafunga, haikuwa na cheche kabisa kwenye plagi.

Hapo kosa lilikuwa rangi. Koili, ile inayokuza umeme wa kwenda kwenye plagi, inashika ethi (njia ya umeme kurudi kupitia chuma) pale inapofungwa kwenye fremu na mimi nilikuwa nimepapiga rangi vizuri sana mpaka kwenye tundu la bolti. Nikakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, cheche ikaja lakini dhaifu, ya njano. Basi kama umepiga rangi karibuni na huna cheche, anzia hapo kabla hujanunua chochote.

Kitu kingine, hizi za volti 6 hazichukui cheche kwenye betri. Umeme unazalishwa na flaiwili yenyewe, lile gurudumu zito lenye sumaku linalozunguka na injini, na ukifunga ufunguo swichi inaumwaga ule umeme kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki, ili injini izime. Maana yake swichi ikiwa na shoti ndani, pikipiki ni kama imezimwa muda wote hata ufunguo ukiwa umefunguliwa. Kujua ni rahisi, chomoa ule waya unaotoka kwenye koili kwenda kwenye swichi, piga kiki. Cheche ikirudi basi mgonjwa ni swichi. Yangu ilikuwa nzima.

Nikaingia kwenye poiti, vile vichuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana nyuma ya flaiwili. Unavifikia kwa kutoa kava la kushoto, kuna dirisha kwenye flaiwili unachungulia humo. Miaka 11 ya hewa ya pwani, vimefanya ukungu mweupe. Nikapitisha msasa laini kidogo tu, halafu kipande cha karatasi safi kutoa vumbi. Nafasi yake ikiwa wazi kabisa ni milimita 0.3 mpaka 0.4. Halafu taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka: kwenye flaiwili kuna alama ya F, poiti zinatakiwa kuanza kuachana pale pale F inapokutana na alama ya kwenye injini. Mimi natumia karatasi ya sigara, naibana katikati ya poiti, naivuta taratibu huku nazungusha flaiwili kwa mkono, pale inapoachia ndipo poiti zinafunguka. Mita ya umeme hapa inachanganya kwa sababu ile koili ya magneto, ya kuzalisha umeme nyuma ya flaiwili, imeungana nazo na inapitisha umeme wakati wote.

Ikawaka! Mama alikuwa jikoni akatoka na mwiko mkononi. Na ndo ikaanza ile habari ya kufa ikipata joto.

Fundi akasema kabureta. Nikasafisha jeti, nikabadilisha floti, nikabadilisha mpira wa petroli, nikafungua mfuniko wa tenki nikidhani hewa haiingii. Hela imeenda na ugonjwa uko pale pale. Siku moja nimekaa nayo nje inapoa, mama akapita akasema, "Mbona hata baba yako ilikuwa inamfanyia hivyo mwishoni, akitoka mashambani alikuwa anakaa kivulini mpaka ipoe." Aisee nilinyamaza. Kumbe ugonjwa ni wa tangu enzi zake, na kabureta nimeshabadilisha nusu nzima, sasa ni kabureta gani tena?

Usiku huo nikaiwasha gizani bila kava nikachungulia kwenye dirisha la flaiwili. Mwanzoni poiti zilikuwa zinatoa vicheche vidogo sana, vya kawaida. Ilivyozidi kupata moto vikawa vikubwa, vyeupe, vinawaka kama mtu anachomelea, na injini ikaanza kukosa. Hiyo ni kondensa. Kazi yake ni kumeza ule umeme poiti zinapoachana, ikishindwa umeme unarukia kwenye poiti na plagi inabaki bila kitu. Na iko nyuma ya flaiwili, pembeni ya injini, kwa hiyo inachemka humo mpaka insulesheni ya ndani inaachia, ikipoa inashika tena.

Flaiwili nimeitoa kwa pula yake, kifaa cha kuivuta itoke. Tafadhali usigonge nyundo, kuna kipande kidogo cha chuma cha umbo la nusu mwezi kinachoishikilia kwenye shafti, kikikatika taimingi yote inahama. Kondensa mpya niliyonunua ya kwanza ilikufa siku ya tatu. Ndo nikaagiza Gerezani, Dar, kondensa ya distribyuta ya gari (kile kifaa kinachogawa cheche kwenye plagi), ikaja na basi. Hizi huwa na maikrofaradi 0.25 hivi, zinafaa. Ile ya zamani nikaikata kabisa, hii nikaifunga juu kwenye fremu jirani na koili, mbali na joto, waya wake kwenye waya wa poiti na bodi yake kwenye chuma kitupu.

Jana nimetoka Chumbageni mpaka Pongwe jua la saa nane. Pale nikaizima kwa makusudi ikiwa ya moto kabisa, nikanywa maji, nikasubiri dakika tano. Kiki moja.