Jiwe linacheza, ng'ombe analala ndani: nilivyompata bibi wa mtoto

Walionishauri nimpeleke kituo cha watoto mtoto niliyekuwa namtunza sikuwajibu siku ile, kwa hiyo leo wasome. "Huko atakula wali, wafadhili watamsomesha, wewe unajitesa bure." Kwani aliyewaambia hana kwao ni nani? Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, hata kama kwao wanakula muhogo.

Mimi ni mlezi wa kuaminika hapa Mwanza, yaani ustawi wa jamii wananikabidhi mtoto nimtunze kwa muda. Afisa ustawi wa jamii aliniletea huyu kijana, meno ya mbele ndiyo kwanza yameng'oka, ametoroka kwa mtu aliyeahidi kumsomesha akamfanya mtumishi. Ukimuuliza kwao ni wapi, anajibu "kwa bibi". Nchi hii mabibi wako wangapi jamani!

Tulitangaza redioni. Akaja bwana mmoja na shati la kitenge, machozi tayari, eti ni mjomba. Nikamuuliza jina la mtoto. Akakohoa. "Nyumbani tunamwita tu Dogo." Afisa akamwonyesha mlango.

Basi nikaacha kumhoji. Nikawa nampa dagaa tuchambue wote, maana mtoto akishika kazi mkononi mdomo unafunguka wenyewe. Jioni moja akasema ng'ombe wa bibi hatoki nje, analala ndani kwenye shimo, analetewa majani. Majirani walicheka mpaka basi. Msukuma gani amewahi kuona ng'ombe asiyeenda malishoni? Akaongeza kwamba karibu na kwao kuna jiwe linacheza. Hapo mmoja akanong'ona kuwa mtoto ana matatizo ya akili.

Mimi niliyeuza dagaa miaka yote ile niliruka kwenye kigoda. Ng'ombe wa kufugwa ndani, jiwe linalocheza: hiyo ni Ukara, kile kisiwa cha Ukerewe ndani ya Ziwa Victoria, hakuna pengine! Asubuhi tukaenda naye na afisa soko la Mwaloni, Kirumba, kwa akina mama wa visiwani. Mmoja akamsalimia Kikara. Kijana akaitikia huku akichezea kamba ya gunia, kisha akashtuka, akamtazama usoni, akacheka. Kabla hawajafunga meza walishapiga simu Bwisya, huko huko Ukara, na bibi anajulikana.

Msikimbilie kivuko siku hiyo hiyo. Maafisa wa Ukerewe walitangulia kukagua nyumba, bibi akaongea na mjukuu kwenye simu kwanza, akaja kumwona, ndipo mtoto akarudi kwao. Swali la bibi lilikuwa moja: "Nitamlisha nini?" Shule ya msingi haina ada, ila sare na madaftari havishuki kutoka mbinguni. Kikoba chetu kilichanga, na kuku wachache juu, laki na kitu hivi. Cheti cha kuzaliwa ndicho kilichotutoa jasho kuliko hata kumtafuta bibi mwenyewe.

Yule wa "matatizo ya akili" juzi kaniuliza mtu anakuwaje mlezi wa kuaminika. Nimemwelekeza ustawi wa jamii, halmashauri. Wamkague vizuri.