Kabla hujaweka kosa kwenye daftari

Swali la darasa la nne: "Taja mboga tatu." Mtoto kaandika mchicha, samaki, matembele. Mwalimu anapiga vema mbili na kosa moja, anafungua daftari linalofuata. Sasa nenda Mbagala au Manzese, hapa Dar es Salaam, saa moja jioni, mwulize mama wa yule mtoto leo wanakula ugali na mboga gani. Atakujibu bila kusita: "Samaki." Kwa watu wengi wa jiji hili mboga ni chochote kinachoshusha ugali au wali, yawe majani, dagaa au nyama. Kitabu kimeuliza mimea, nyumbani kwao mboga ni kitoweo. Dawa ni maneno mawili tu kwenye swali: "Taja mboga tatu za majani." Akiandika samaki hapo, mkosoe.

Dar es Salaam ilihesabiwa watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022, na wengi wao wametoka mikoani au wazazi wao ndio waliotoka. Nchi ina makabila zaidi ya 120. Ongeza watoto wa Kikongo, Kirundi na Kikenya, wa Kihindi na Kiarabu waliozaliwa hapahapa Kariakoo na Upanga, na wa Kichina wanaofuata kazi za wazazi. Darasa la watoto 80 huwezi kulijua kwa macho. Na usiwasimamishe kuwauliza kabila wala dini: hata sensa iliacha kuuliza hayo baada ya 1967.

Wiki ya kwanza gawa robo karatasi yenye maswali manne. Unapenda kuitwa nani? Nyumbani mnaongea lugha gani, na kwa bibi mnaongea ipi? Nani atakuja kikao cha wazazi? Kuna chakula usichokula? Hilo la tatu lina uzito kuliko linavyoonekana, maana watoto wengi wa hapa wanalelewa na shangazi, mama mdogo au bibi, na barua iliyoandikwa "Kwa mzazi" inaishia kwenye begi. Andika "mzazi au mlezi." Karatasi zikae kwenye droo, zisibandikwe ukutani.

Imla ndipo lugha za nyumbani hujitokeza. Kikuria hakina l, Kisukuma hakina r, kwa hiyo kalamu inakuwa karamu, na mahari inakuwa mahali. Watoto wengi wa bara husikia th kama s na dh kama z: thamani inageuka samani, dhahabu inakuwa zahabu. Huo si uvivu. Sikio halijazoea kutenganisha sauti hizo, na mkono unaandika kilichosikika. Anza basi na sikio. Chagua jozi tano, kwa mfano kalamu na karamu, mahali na mahari, thamani na samani. Soma neno moja moja. Anayesikia r anyooshe mkono, anayesikia l autulize. Dakika tano kila siku zinatosha. Kuandika kufuate siku ya tatu au ya nne. Kwenye insha, hoja zipewe alama zake kamili na tahajia ihesabiwe pembeni, na neno lilelile likirudiwa mara sita ni kosa moja.

Kinachoharibu zoezi ni kumsimamisha mtoto arudie "karibu" mpaka darasa lote licheke. Baada ya hapo hanyooshi mkono tena, na wewe utaandika kwenye ripoti kwamba ni mzito.

Kicheko hicho watu hukitetea kwa jina la utani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani wa enzi, sawa, lakini utani una pande mbili na wote wanajua mipaka yake. Mtoto aliyehamia mwezi uliopita kutoka Bujumbura hana mtani darasani. Kwake hayo ni matusi, na mwalimu ayakomeshe kama matusi.

Mtoto aliyesoma Kenya ataandika "shule ya upili" na "tarakilishi." Hicho ni Kiswahili. Mwambie huku tunasema sekondari na kompyuta, upige vema uendelee. Saa zinataka uangalifu zaidi. Aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiingereza akisikia "saa tatu" anaweza kufikiri ni alasiri, akakosea kwa saa sita nzima. Ubaoni andika zote mbili: saa 3:00 asubuhi (09:00).

Kuhusu heshima, mtoto anayeinamisha macho unapomwuliza mara nyingi kafundishwa hivyo kwao, usimhesabu mwongo. Mtoto wa Kimaasai anaweza kukuinamishia kichwa: mguse utosini, ndiyo salamu. Ila usidanganywe na ile kwaya ya "Tumeelewa?" "Ndiyooo!" Asiyeelewa anaimba kwa sauti kuliko wote. Uliza swali, hesabu kimya mpaka tano, kisha kila mmoja amweleze jirani yake wa dawati kabla hujamchagua wa kujibu.

Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana haifai. Weka michezo kipindi cha kwanza, jua likiwa bado pole, na jaribio gumu lisikae mchana. Ijumaa mchana usianze mada mpya wakati sehemu ya darasa iko msikitini.

Mpasuko mkubwa kuliko yote hauko kwenye kabila. Uko kidato cha kwanza, masomo yanapogeuka kuwa ya Kiingereza, pale aliyetoka Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili, anapokaa dawati moja na aliyetoka shule ya Kiingereza. Wa pili anajibu kila kitu, wa kwanza anaonekana hajui. Wape vikundi vya watano waliochanganyika. Mada ijadiliwe kwa Kiswahili dakika kumi, wote wakubaliane usanisinuru unafanyaje kazi, kisha waandike sentensi tatu za Kiingereza. Mwandishi awe wa Kayumba, msemaji pia awe wa Kayumba. Wa shule ya Kiingereza awe kamusi, yaani anajibu akiulizwa neno tu. Ukimwacha aandike yeye, kazi itatoka safi ndani ya dakika nne na wanne waliobaki watakuwa wamenakili. Zungukia vikundi ukiangalia kalamu iko mkononi mwa nani.